Bi Nani-Atakuja na Hasira Mia Moja na Ishirini

Mabibi na mabwana, waheshimiwa viongozi, mabalozi, wakuu wa mashirika, na wananchi wote mlioahirisha shughuli nzito za ujenzi wa taifa ili kutega sikio katika saa hii tukufu! Fundi mitambo, nyuma ya kioo, ananionyesha vidole vinne. Nilidhani ananiambia zimebaki dakika nne. Kumbe ananiambia idadi ya wasikilizaji wa Jumamosi mchana.

Basi. Wasikilizaji wapendwa, nyote wanne, karibuni.

Mimi ni mwanafunzi wa shule ya bweni. Kituo hiki hutupa saa moja kila Jumamosi, kwa matumaini kwamba tutajifunza uwajibikaji. Wiki iliyopita mwenzangu alisoma utabiri wa hali ya hewa wa mwaka juzi, kwa sauti nzuri sana, na watu wakaanika nguo. Leo zamu ni yangu, na kipindi ni cha kumbukumbu. Matroni wetu amenitazama machoni akasema neno moja: "Usicheze." Sichezi.

Tunamkumbuka mwanamke aliyefariki wiki tatu zilizopita, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Alikuwa dada yake baba yangu, yaani shangazi yangu. Mjini walimwita Bi Nani-Atakuja. Kazi yake ilikuwa kuviandikia vikundi vya sanaa mipango ya biashara. Narudia, kwa waliodhani redio zao zimeharibika: vikundi vya sanaa, mipango ya biashara. Kwaya, ngoma, jumba la makumbusho, vikaragosi. Alikaa nao, akawahoji, kisha akaandika jinsi watakavyoishi miaka mitano ijayo bila kufa njaa na bila kugombana.

Kazi hiyo ilinitatiza tangu nikiwa mdogo. Baba wa rafiki yangu ni fundi bomba. Ukimuuliza anafanya nini, anakuonyesha bomba. Shangazi alikuwa anaonyesha nini? Kwaya inauza nini? Ukinunua wimbo, unaubeba kwenye mfuko gani? Nilimuuliza yote hayo siku moja nikiwa nimekaa juu ya meza yake. Akaniambia nishuke kwanza. Nikashuka. Akasema: "Hawauzi wimbo. Wanauza saa moja ambayo hukuitumia kufikiria matatizo yako. Sasa niambie, nani anaihitaji saa hiyo, na anaihitaji siku gani?"

Nilisema sijui.

"Na wao hawajui. Ndiyo maana mimi ninakula."

Ndani ya studio niko na binti yake. Ni muuguzi, ametoka kazini muda huu huu, na viatu vyake vyeupe bado viko miguuni. Kwa damu ni binamu yangu, lakini kwa heshima na kwa kuogopa mkono wake namwita Dada. Dada, karibu. Sogea kwenye kipaza sauti.

"Ahsante, mdogo wangu. Usinisukume."

Dada, mama alianzaje kazi hii?

"Alikuwa mkata tiketi wa sinema. Kazi yake kupasua tiketi, nusu kwako, nusu kwenye boksi. Sasa mama hakuweza kupasua kitu bila kukitazama. Akaona kila Alhamisi boksi halijai. Meneja analaumu filamu, mama analaumu saa. Kiwanda cha sabuni kilikuwa kimebadilisha zamu, watu wanatoka saa mbili baada ya filamu kuanza. Akaandika karatasi moja tu. Meneja akasogeza saa. Alhamisi iliyofuata mama akakosa nafasi ya kusimama mlangoni pake mwenyewe."

Kwa hiyo hakusomea?

"Ulishamuuliza mwenyewe, na unajua alikujibu nini."

Najua. Nilimuuliza amesomea wapi. Akasema: "Mlangoni."

Wasikilizaji wapendwa, kumbukeni neno hilo. Mlangoni. Kikundi kikimwita, hakutaka kuona onyesho. Alikwenda na kiti chake cha kukunja, akakaa nje ya ukumbi, akaupa mgongo ukuta na kutazama nyuso za watu wanaotoka. Msanii mmoja alikasirika, akamwambia: "Bibi, tumekualika uone jukwaa!" Shangazi akasema: "Jukwaa mnaliona ninyi. Mlango hamjawahi kuuona hata siku moja."

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la fundi cherehani. Meza ndefu, viti sita visivyofanana, dirisha linalokwama wakati wa mvua. Kwenye chumba hicho yalipigwa marufuku maneno mawili: "jamii" na "wadau". Kiongozi wa kwaya moja hakujua sheria hiyo. Alikaa, akakohoa, akasema: "Walengwa wetu, Bi, ni jamii kwa ujumla."

Shangazi akachukua kalamu. "Jamii kwa ujumla inavaa kiatu namba ngapi?"

"Samahani?"

"Inakaa wapi? Ina watoto wangapi? Ikitoka kazini inapitia njia gani? Kama hujui, basi hujaimbia mtu. Umeimbia hewa. Kaa tuanze. Nani atakuja?"

Ndiko jina lake lilikotoka. Nani atakuja? Kila mpango alioandika ulianza na swali hilo, na jibu lilipaswa kuwa watu unaoweza kuwapigia hodi.

Kulikuwa na jumba la makumbusho lisilotembelewa. Wakubwa walitaka mpango mkubwa wa matangazo. Shangazi akaenda na kiti chake, akakaa mlangoni siku mbili. Pale mlangoni kulikuwa na mlinzi mwenye daftari. Kila aliyetaka kuingia aliambiwa aandike jina, anakotoka, na sababu ya kuja. Watu walifika, wakalisoma daftari, wakakumbuka ghafla kwamba wana haraka. Mpango wa Shangazi ulikuwa na kurasa ishirini, lakini aliniambia ungeweza kuwa na mstari mmoja: ondoeni daftari. "Nani anajua sababu ya kwenda makumbusho kabla hajaingia?" Daftari likaondolewa. Mlinzi akapewa kazi ya kusema karibu. Nasikia aliichukia kazi hiyo wiki nzima, halafu ikamkolea hadi akawa anawafuata watu barabarani.

Kikundi kimoja cha ngoma kilikuja na ndoto ya kwenda kimataifa. Walikuwa na picha, fulana na wimbo wa kuaga kwenye uwanja wa ndege. Shangazi akawauliza kama wamewahi kucheza kwenye shule iliyo mkabala na ukumbi wao. Wakatazamana. Hawajawahi. Akasema: "Mnataka kuvuka mabara, na hamjavuka barabara."

"Hiyo waliiandika ukutani," anaongeza Dada. "Mpaka leo ipo."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tunafika kwenye kazi yake ya mwisho. Ni kisa cha kuchekesha na nimekihifadhi kwa ajili yenu. Ni kisa cha vikaragosi.

Kikundi cha vikaragosi kinaongozwa na mzee mwembamba anayeitwa Profesa, kwa sababu ya miwani na si kwa sababu nyingine. Vikaragosi vyake ni vya mbao, vinachezeshwa kwa kamba, na watoto wa mtaa wanavijua kwa tabia kuliko wanavyowajua wajomba zao. Miezi minane iliyopita kamati ya manispaa ilitangaza kwamba ukumbi wanaoutumia utapewa mtu mmoja kwa miaka mitano. Walioomba ni wawili: Profesa na mwenye duka la magodoro. Kila mmoja alipaswa kupeleka mpango. Profesa akapanda ngazi za fundi cherehani mbio.

Shangazi akaandika kurasa thelathini. Nani atakuja, atatoka wapi, atakuja na nani, atakaa wapi mvua ikinyesha. Aliurudia mara sita. Siku ya kikao, asubuhi, akachapa nakala saba kwa printa yake, Profesa akazibeba kama mtoto mchanga, wakaenda.

Mwenyekiti wa kamati akafungua ukurasa wa kwanza. Akasoma kwa sauti: "Lengo kuu la kikundi ni kuongeza hasira ya watoto kwa asilimia arobaini."

Wajumbe wakainua vichwa.

Akaendelea: "Hasira hii hutoka mitaa ya jirani na hufika kwa miguu. Ukumbi una uwezo wa kubeba hasira mia moja na ishirini. Siku za likizo, hasira husimama hadi mlangoni."

Hapo mjumbe mmoja akaficha uso kwenye nakala yake.

"Baada ya kila onyesho, kikundi kitaisikiliza hasira yake na kuiuliza kama itarudi. Akina mama ndio chanzo kikuu cha hasira, nao hupendelea viti vya mbele."

Wasikilizaji, mmeelewa kilichotokea. Kila palipopaswa kuwa na neno hadhira, yaani watazamaji, palikuwa na neno hasira. Hadhira, hasira. Herufi mbili zimetoka, moja imeingia. Fundi mitambo anacheka nyuma ya kioo, mabega yanapanda na kushuka. Hata Dada anatabasamu kidogo.

"Sitabasamu. Endelea."

Shangazi akaomba nakala moja. Akavaa miwani. Akasoma muda mrefu, kurasa zinageuzwa. Kisha akasimama akasema: "Kosa ni langu. Neno ni hadhira. Naomba kalamu." Akakaa mwisho wa meza ile, akasahihisha nakala zote saba kwa mkono wake, ukurasa kwa ukurasa, huku kamati ikisubiri. Mwenye magodoro akatazama saa. Shangazi hakuinua kichwa.

Na vikaragosi wakapewa ukumbi! Mpango ulikuwa mzuri hata ukiwa na hasira. Ndiyo, wasikilizaji wapendwa, kosa moja, neno moja, limerudiwa mara arobaini na moja, na bado Bi Nani-Atakuja akashinda. Sasa kabla hatujapumzika kwa muziki...

"Ngoja."

Dada ameinua mkono. Ndiyo, Dada?

"Arobaini na moja umeitoa wapi?"

Nilisikia. Watu wanasema.

"Watu gani? Kwenye kila nakala zilipatikana thelathini na tisa. Profesa alihesabu mbele yangu, alikuja nyumbani anacheka, thelathini na tisa, akarudia mara mbili. Mjini wote wanasema thelathini na tisa. Wewe arobaini na moja umeitoa wapi?"

Labda mbili ziliwaponyoka.

"Labda. Na wewe ulijuaje kwamba ziliwaponyoka?"

Tuna muziki, fundi? Fundi anatikisa kichwa. Hana muziki. Ana santuri na redio nzima, lakini ghafla hana muziki.

"Mdogo wangu, mimi situmii kompyuta kwa kuchezea, naandikia dawa za wagonjwa. Ukiiamuru ibadilishe neno kila mahali, ikimaliza inakuandikia imebadilisha mara ngapi. Inamwandikia nani?"

Aliyebonyeza.

"Sema vizuri, watu hawasikii."

Inamwandikia aliyebonyeza kitufe.

Wasikilizaji wapendwa, ukimya huu si hitilafu ya mitambo.

Ni mimi. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, na asubuhi ile nilimsindikiza ofisini. Alishuka kwa fundi cherehani kuchukua koti lake la kikao. Kompyuta ilikuwa wazi. Nilitaka tu kuona. Nilijiuliza, ukiitoa hadhira na kuiweka hasira, sentensi zitasimama? Zikasimama! Nilisoma ukurasa wa kwanza nikajiziba mdomo kwa kitambaa cha meza. Ikaniandikia: mabadiliko arobaini na moja. Nilijua akipanda ataona, atanirushia kandambili, tutacheka, atarudisha. Kila mara alikuwa anasoma kabla ya kuchapa. Siku hiyo koti lilikuwa halijawekwa vifungo, akachelewa. Akapanda mbio, akachapa, akaondoka. Mimi nilikuwa msalani. Nilirudi nikakuta printa bado ina joto.

"Na hukumkimbilia?"

Nilikimbia hadi kona. Nikaona basi limeondoka.

"Siku ile tu ndiyo ilikuwa na basi? Miezi minane, mdogo wangu."

Dada ana haki ya kuongea. Ongea, Dada, sitakukata.

"Nataka wasikie waliokuwepo na wasiokuwepo. Mwenyekiti aliposhuka ngazi alisema, bibi wa watu amechoka. Hakusema kwa ubaya. Wiki ile ile kwaya ikaja kuchukua faili lake. Makumbusho wakaleta barua ya kumshukuru kwa mchango wake wa miaka mingi. Mtu hashukuriwi hivyo kama anaendelea na kazi. Na mimi, mimi mwanawe, muuguzi, nilimpeleka kupimwa kumbukumbu. Wakamwambia achore saa, akachora. Wakamwambia ahesabu kutoka mia kurudi nyuma, anaruka saba saba, akahesabu mpaka daktari akapotea yeye. Wakasema mzima. Sikuamini. Nikasema mtu mzima hakosei neno moja mara thelathini na tisa. Nikamwomba ufunguo wa ofisi. Nikamwambia, mama, pumzika. Akautoa kwenye pochi akanipa. Hakubisha. Mama yangu, ambaye alibishana na kiwanda cha sabuni, hakubisha."

Nimeandika karatasi nne za kipindi hiki na hakuna hata moja inayosaidia.

"Kwa nini hakubisha? Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kwa nini mama hakubisha?"

Hilo ninalijua, Dada.

Alasiri ile aliporudi kutoka kwenye kamati, hakuvua koti. Alikaa mbele ya kompyuta akatazama kioo kilichozimwa. Akaniita. Hakuwa na hasira, wala hakupandisha sauti. Aliniuliza kama anavyouliza watu mlangoni, akitaka kujua kweli. Akasema: "Mwanangu, wewe uliigusa hii mashine?"

Nikasema: "Hapana, Shangazi."

Akanitazama. Akasema: "Basi ni mimi."

Akaniamini. Mimi, ambaye hata matroni haniamini nikisema nina homa. Tangu hapo akaanza kusoma kila kitu kwa kidole. Barua, kopo la dawa, karatasi ya kwenda sokoni, neno kwa neno, mara tatu. Nilimwona. Kila likizo nilipanga nitamwambia kesho. Likizo ya mwisho nilimkuta hospitalini na mirija, nikasema huyu hataki kelele sasa, nitamwambia akitoka.

Dada analia. Hanitazami. Ameniambia nisiseme pole kabla sijasema mengine, na ni kweli. Basi nasema.

Kiongozi wa kwaya, kama unasikiliza: faili lako ulilichukua bure. Wakuu wa makumbusho: barua yenu nzuri ilikuwa ya kosa langu. Mwenyekiti wa kamati: bibi wa watu hakuwa amechoka. Aliuandika mpango ule bila kosa hata moja, akausoma mara sita, na mara zote sita ulikuwa sahihi. Profesa, kwenye nakala zenu bado kuna hasira mbili hazijasahihishwa. Ziko kwenye ukurasa wa ishirini na nne, mstari wa juu na mstari wa mwisho. Niliziona kwenye nakala yenu iliyoko ukumbini. Tafadhali andikeni hadhira. Na Dada, mama yako alikuwa mzima. Ufunguo ulikuwa wake.

Natoa pole kwa familia ya marehemu. Natoa pole kwa binti yake, kwa fundi cherehani aliyemshonea vifungo siku ile, na kwa watu wote aliowatazama usoni wakitoka kwenye kumbi za mji huu bila wao kujua kwamba kuna anayejali kama walifurahi. Familia hiyo ni yangu pia, lakini sina uhakika kama leo ninaruhusiwa kujipa pole.

Nimeambiwa kipindi kama hiki humalizika kwa tafakari. Tafakari yangu ni ndogo. Kama kuna mtu makini nyumbani kwako au kazini kwako, na siku moja mmelikuta kosa kwenye kazi yake, na yeye amekubali haraka kwamba ni lake, msiondoke na mafaili yenu siku hiyo hiyo. Ulizeni kwanza nani mwingine alikuwa chumbani.

Fundi mitambo ananionyesha kidole kimoja. Sijui kama ni dakika au ni msikilizaji.

Shangazi, ndiyo. Niliigusa.